Watazamaji laki moja ufukweni: nani hulipa zawadi za michezo ya mikakati ya video?

Jioni ya tarehe 17 Julai mwaka 2004, ufukwe wa Gwangalli katika mji wa bandari wa Busan, Korea Kusini, ulifurika watu. Waandalizi waliukadiria umati huo kuwa watu 100,000. Hawakuja kumsikiliza mwanasiasa wala kutazama kandanda. Walikuja kuwaangalia vijana walioketi mbele ya kompyuta wakipigana vita vya kubuni katika mchezo wa video uitwao StarCraft. Ilikuwa fainali ya ligi ya timu, na Hanbit Stars iliishinda SK Telecom T1 kwa michezo minne kwa mitatu.

Miaka ishirini baadaye, Agosti mwaka 2024, kijana wa Ufaransa Clément Desplanches, ajulikanaye na mashabiki kwa jina la Clem, alitwaa ubingwa wa StarCraft II mjini Riyadh, Saudi Arabia. Jumla ya zawadi katika shindano hilo ilikuwa dola 700,000 za Marekani. Ukumbi wa Riyadh haukuweza kubeba hata sehemu ndogo ya umati ule wa Busan.

Mtu akiziweka jioni hizo mbili sambamba, anakutana na fumbo linalowasumbua wachezaji, wadhamini na wazazi katika nchi nyingi. Idadi ya macho yanayotazama na kiasi cha fedha zinazotolewa havipandi wala kushuka pamoja. Kijana anayesikia kwamba mchezo fulani unatazamwa na maelfu ya watu anaweza kudhani kuwa riziki imo humo. Anayesikia kitita kikubwa cha zawadi anaweza kudhani kuwa mchezo huo una nguvu. Historia ya michezo ya mikakati, ambayo imepita katika mikono ya vituo vya televisheni, kampuni za programu, mashabiki na hatimaye dola, inaonyesha kuwa dhana zote mbili zaweza kumpoteza.

Bao lisilo na zamu

Katika bao, mchezaji mmoja huokota kete na kuzisambaza huku mwenzake akisubiri zamu yake. Katika michezo ya mikakati ya papo kwa papo hakuna zamu. Wapinzani wawili huanza na kituo kidogo na wafanyakazi wachache, kisha kwa wakati mmoja kila mmoja huchimba madini au kukusanya mbao na chakula, hujenga kambi, huandaa askari na kumshambulia mwenzake. Sehemu kubwa ya uwanja hufunikwa na giza. Anayetaka kujua adui anapanga nini hana budi kumtuma mpelelezi, na mpelelezi huyo aweza kuuawa njiani.

Ugumu wake uko katika kugawa akili na mikono. Mchezaji wa kulipwa hutoa amri 300 na zaidi kwa dakika, yaani amri tano kila sekunde, kupitia kibodi na kipanya. Akiutazama mno uwanja wa vita, nyumbani uzalishaji husimama. Akishughulika mno na nyumbani, jeshi lake huangamia. Na kwa kuwa mashindano mengi ni ya mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja, hakuna mwenzake wa kumtupia lawama.

Hali hiyo ndiyo iliyoifanya michezo hii ipendeze kutazamwa, na hiyo hiyo ndiyo inayowatisha wanaotaka kuicheza. Watu wengi hufurahia kumwona bingwa akifanya wasiloliweza wao. Wachache tu wako radhi kushindwa mara mia kabla ya kuanza kuelewa.

StarCraft ilitolewa na kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment tarehe 31 Machi mwaka 1998. Kabla yake na baada yake ilikuwapo mingine ya aina hiyo, ikiwa ni pamoja na Warcraft ya kampuni hiyo hiyo, na Age of Empires ambayo humilikiwa na Microsoft. Lakini hakuna uliopata makao kama yale StarCraft iliyoyapata Korea Kusini.

Enzi ya televisheni

Mchezo huo uliwasili Korea wakati nchi ikiwa katika msukosuko mkubwa. Mgogoro wa fedha wa mwaka 1997 ulikuwa umewaachisha kazi watu wengi, na baadhi yao walitumia akiba zao kufungua vibanda vya kompyuta viitwavyo PC bang, ambako kijana angelipa kiasi kidogo kwa saa na kucheza. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikisambaza intaneti ya kasi nchini kote. Vibanda vikawapatia vijana mahali, intaneti ikawapatia wapinzani, na StarCraft ikawapatia sababu ya kukutana.

Vituo vya televisheni viliona mapema kilichokuwa kikitendeka. OnGameNet ilianzishwa mwaka 2000 ikiwa chaneli ya michezo ya video kwa saa zote, na baadaye ikapata mshindani, MBC Game. Mwaka huo huo kiliundwa chama cha kusimamia michezo hiyo, kifahamikacho kwa ufupi kama KeSPA. Kampuni kubwa za simu, za vifaa vya elektroniki na hata jeshi la anga zilianzisha au kudhamini timu. Timu ya jeshi la anga, iliyoanza mwaka 2007, iliwawezesha wachezaji kutimiza utumishi wa lazima wa kijeshi bila kuacha kabisa mashindano. Mmoja wa waliojiunga nayo ni Lim Yo-hwan, ambaye klabu yake ya mashabiki kwenye intaneti ilikuwa na wanachama wapatao 600,000.

Hapa ndipo jibu la swali la Busan linapopatikana. Umati wa ufukweni haukukata tiketi, wala mtazamaji wa nyumbani hakuulipia mchezo aliouona. Waliolipa walikuwa wadhamini waliotaka majina yao yaonekane kwenye fulana za vijana na kwenye kioo cha televisheni. Fedha zao hazikuelekea zaidi kwenye zawadi. Zilikwenda kwenye mishahara, nyumba za timu, makocha na chakula. Nyota walilipwa vizuri, nao wakawa na uhakika wa mwezi ujao hata wakifungwa leo.

Hata hivyo, chini ya nyota hao kulikuwa na kundi kubwa la wachezaji wa akiba waliolala katika nyumba hizo hizo na kufanya mazoezi kutwa kucha, huku wakilipwa kidogo au wasilipwe kabisa. Mwaka 2010 gharama ya pengo hilo ilidhihirika. Uchunguzi ulibaini kuwa watu wa kamari haramu walikuwa wakiwahonga wachezaji ili wapoteze michezo kwa makusudi. KeSPA iliwafungia maisha wachezaji 11, waliokuwamo na waliostaafu, baadhi yao wakiwa mabingwa waliokuwa wakipendwa mno.

Mwenye mchezo ni nani?

Kandanda haina mmiliki. Mtu yeyote mwenye mpira na uwanja aweza kuanzisha ligi, na hakuna kampuni itakayomdai ada kwa sababu tu watu wanapiga chenga. Mchezo wa video una mwenyewe. Kila picha, kila sauti na kila kanuni ndani yake ni mali ya kampuni iliyouandika.

Kwa miaka kadhaa Wakorea waliendesha ligi zao na hata kuuza haki za matangazo bila kuafikiana kikamilifu na Blizzard. Ugomvi ulipamba moto pale kampuni hiyo ilipojiandaa kutoa StarCraft II, iliyoingia sokoni tarehe 27 Julai mwaka 2010. Blizzard iliwapita KeSPA na vituo vyake, ikakabidhi haki za matangazo kwa mshirika mwingine, GOMTV. Mzozo huo ulimalizwa kwa makubaliano mwaka 2011.

GOMTV ilianzisha ligi yake kwa kishindo. Bingwa wa msimu wa kwanza, Kim Won-ki, alipewa won milioni 100 za Korea, fedha ambazo wakati huo zilikaribia dola 90,000. Habari hiyo ilienea duniani, na vijana kutoka Ulaya na Marekani walifunga safari kwenda Seoul kujaribu bahati. Lakini kitita hicho kilikuwa tangazo la uzinduzi. Kuanzia mwaka uliofuata zawadi ya bingwa wa msimu wa kawaida ilishuka hadi nusu yake, na ikaendelea kupungua.

Mabadiliko haya hayakuwa ya kiasi cha fedha pekee. Mtindo wa mishahara ulikuwa ukipisha mtindo wa zawadi, na tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayeishi kwa fedha hizo. Mshahara huja kila mwezi. Zawadi humwendea mshindi. Mfano ni fainali za dunia za StarCraft II za mwaka 2018 huko Anaheim, California. Jumla ya zawadi ilikuwa dola 700,000, na bingwa, Joona Sotala wa Finland ajulikanaye kama Serral, aliondoka na dola 280,000, yaani asilimia 40 ya fedha zote. Aliyezaliwa tarehe 22 Machi mwaka 1998, siku tisa tu kabla ya StarCraft ya kwanza kutolewa, alikuwa mtu wa kwanza asiye Mkorea kushinda fainali hizo. Wengine 15 walioshiriki fainali hizo, ambao kila mmoja wao ni miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani, waligawana kilichobaki.

Nyuma ya hao 15 walikuwapo mamia waliofanya mazoezi yale yale bila kupata kitu. Katika mazingira hayo kishawishi cha kuuza mchezo hakifi. Mwaka 2016 mahakama ya Korea Kusini ilimtia hatiani mmoja wa mabingwa wakubwa wa StarCraft II kwa kupoteza michezo miwili makusudi mwaka uliotangulia. Alikuwa amepokea won milioni 70 kwa michezo hiyo miwili, kiasi kilichozidi zawadi ya ubingwa katika ligi kuu ya nchi yake wakati huo. Mlango wa uovu ulikuwa ukilipa kuliko mlango wa haki.

Oktoba mwaka huo huo KeSPA ilitangaza kuifunga ligi ya timu, ile ile iliyoujaza ufukwe wa Busan, baada ya miaka 14. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu: timu na wachezaji wamepungua, wadhamini hawapatikani, na kashfa za kupanga matokeo. Timu tano kati ya saba zilivunjwa kwa mkupuo mmoja. MBC Game ilikuwa imezimika tangu mwanzoni mwa mwaka 2012, na mahali pake pakachukuliwa na chaneli ya muziki.

Mtoto amzidiye mzazi

Watazamaji walikwenda wapi? Wengi walihamia kwa mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba ile ile. Warcraft III iliwaruhusu mashabiki kubuni viwanja vyao, na mmoja wao ulikuwa DotA, ambamo mchezaji haongozi jeshi zima tena. Humwongoza shujaa mmoja katika timu ya watu watano. Kutoka kwenye mbegu hiyo ilichipuka michezo miwili mikubwa, League of Legends na Dota 2. Ilikuwa rahisi zaidi kuanza, ilichezwa pamoja na marafiki, na lawama ya kushindwa iligawanywa kwa watu watano.

Michezo hiyo miwili ni darasa zuri kwa anayetaka kuelewa uhusiano wa watazamaji na zawadi. Fainali za dunia za League of Legends za mwaka 2023 zilifikisha watazamaji zaidi ya milioni 6 kwa wakati mmoja, bila kuihesabu China. Jumla ya zawadi yake ilikuwa dola 2,225,000. Shindano kuu la Dota 2, The International, halijawahi kufikia watazamaji wengi kiasi hicho, lakini mwaka 2021 zawadi yake ilivuka dola milioni 40, na timu bingwa ilipata zaidi ya milioni 18.

Sababu ya tofauti hiyo ni namna ya kulipa. Valve, kampuni inayomiliki Dota 2, ilianza mwaka 2011 kwa kutoa dola milioni 1.6 kutoka mfukoni mwake. Kuanzia mwaka 2013 iliwauzia mashabiki kitabu cha kidijitali chenye mapambo na mambo ya kuchezea, na robo ya mapato ikaingizwa katika zawadi. Haba na haba hujaza kibaba: kitita kikapanda hadi karibu dola milioni 11 mwaka 2014, na kikaendelea kuvunja rekodi. Robo tatu nyingine ilibaki kwa kampuni.

Mwaka 2023 Valve iliamua kubadili utaratibu huo, na kitita kikashuka hadi takriban dola milioni 3. Mwaka mmoja tu kabla yake kilikuwa karibu milioni 19. Watazamaji hawakuporomoka kwa kiwango hicho hata kidogo. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanywa katika ofisi moja. League of Legends, kwa upande wake, iliweka fedha nyingi katika ligi zenye mishahara, hivyo zawadi yake ndogo haimaanishi kwamba wachezaji wake ni maskini.

Mashabiki waliobaki

Michezo ya mikakati yenyewe haikufa. Ilipoteza televisheni, ikagundua njia nyingine za kuishi.

Ya kwanza ilipatikana Korea kwa wakongwe wa StarCraft ya mwaka 1998. Wachezaji waliostaafu, kama vile Lee Young-ho aitwaye Flash na Kim Taek-yong aitwaye Bisu, walianza kurusha michezo yao mubashara kutoka chumbani kupitia jukwaa la AfreecaTV, ambalo tangu mwaka 2024 linaitwa SOOP. Mtazamaji anayefurahia humtumia mchezaji zawadi ndogo za kidijitali ziitwazo maputo ya nyota, ambazo hununuliwa kwa fedha halisi na kugeuzwa fedha tena upande wa pili. Desturi hii haitakuwa ngeni kwa aliyewahi kuhudhuria taarabu na kuona watu wakiinuka kumtunza mwimbaji. Anayetunzwa hatunzwi kwa kuwa amemshinda mwingine. Hutunzwa kwa kuwa amemgusa aliyeketi mbele yake.

Kwa njia hiyo Flash na wenzake wameweza kujipatia kipato kutoka kwa hadhira ndogo lakini aminifu, na mwaka 2016 jukwaa hilo likaanzisha ligi ya StarCraft ya kale ambayo imeendelea kwa misimu mingi. Fedha za zawadi ndani yake ni kitoweo tu. Ugali wenyewe ni matunzo ya kila siku.

Njia ya pili inaonekana katika Age of Empires II, mchezo wa mwaka 1999 unaowapambanisha watu wa enzi za ngome na wapanda farasi. Ulikuwa umeachwa na kampuni yake kwa miaka mingi, lakini mashabiki waliendelea kuucheza na kuandaa mashindano hadi Microsoft ilipoamua kuutengeneza upya. Mtangazaji wa Marekani ajulikanaye kama T90Official aliubunia shindano ambamo mabingwa hucheza kwa majina ya kuficha, na watazamaji hushindana kukisia nani ni nani, huku wao wenyewe wakichangia sehemu ya zawadi. Oktoba mwaka 2022 kampuni ya vinywaji ya Red Bull ilipeleka mashindano ya mchezo huo ndani ya ngome ya kale ya Heidelberg, Ujerumani, mbele ya watazamaji waliosafiri kutoka nchi mbalimbali.

Hadhira hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ya League of Legends. Lakini imedumu kwa zaidi ya miaka ishirini, jambo ambalo michezo mingi yenye vitita vikubwa haikulipata.

Fedha za Riyadh

StarCraft II ilichukua njia ya tatu. Oktoba mwaka 2020 Blizzard ilitangaza kwamba haitatengeneza tena vitu vipya vya kuuza ndani ya mchezo huo. Mashindano yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa kampuni ya kuandaa mashindano, ESL, ambayo mwaka 2022 ilinunuliwa na Savvy, kampuni ya Saudi Arabia iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa taifa hilo. Ndivyo mchezo wa Kimarekani uliolelewa na Wakorea ulivyojikuta ukitunzwa Riyadh.

Kombe la Dunia la Michezo ya Kielektroniki lilifanyika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2024, likiwa na zawadi za zaidi ya dola milioni 60 kwa michezo yote kwa pamoja. Mwaka 2025 kiasi hicho kilivuka milioni 70. Vilabu vilipewa pointi kwa kufanya vizuri katika michezo mingi, na klabu bora ya mwaka 2024 ilipata dola milioni 7. Ghafla, mchezaji mmoja mahiri wa StarCraft II akawa na thamani mpya: klabu iliyomsajili ingeweza kuvuna pointi kwa gharama ndogo kuliko ya timu nzima ya watu watano. Wachezaji waliokuwa wamekata tamaa walipata mikataba.

Wakosoaji wa Saudi Arabia wanasema fedha hizo zinanunua sifa njema kwa nchi inayolaumiwa kwa kukiuka haki za binadamu. Wakuu wa nchi hiyo wanasema wanajenga uchumi usiotegemea mafuta. Kwa mchezaji, swali lililo karibu zaidi ni jingine: fedha hizi hazikuletwa na watazamaji wake, kwa hiyo watazamaji wake hawawezi kuzizuia zisiondoke. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na Saudi Arabia zilivunja ushirikiano wao wa kuandaa Olimpiki ya michezo ya kielektroniki, ingawa mkataba wake ulikuwa umetangazwa mwaka mmoja tu nyuma kuwa wa miaka 12.

Namna ya kuzisoma takwimu

Anayekutana na habari za michezo hii hana budi kujua maana ya tarakimu anazosomewa. Idadi ya juu kabisa ya watazamaji kwa wakati mmoja hueleza dakika moja tu, mara nyingi ya fainali, na haisemi lolote kuhusu siku nyingine. Wastani wa watazamaji hueleza ukubwa wa hadhira ya kudumu. Jumla ya saa zilizotazamwa huongezeka shindano likirefushwa, hata kama watu ni wale wale. Takwimu nyingi huiacha China nje, kwa kuwa majukwaa yake huhesabu kwa namna tofauti na isiyolinganishika.

Kwa upande wa zawadi, jumla inayotangazwa si fedha ya mtu mmoja. Inafaa kuuliza bingwa anapata kiasi gani, wa nane anapata kiasi gani, nani anagharimia safari, klabu inakata nini na kodi inalipwa wapi. Juu ya yote inafaa kuuliza fedha zimetoka kwa nani. Kitita cha kampuni inayozindua bidhaa huwa kikubwa mwaka wa kwanza. Kitita cha mashabiki hupanda na kushuka na mapenzi yao. Kitita cha dola hufuata mipango ya dola.

Maswali hayo yanalihusu pia eneo hili la Afrika. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilizoiunganisha pwani ya Afrika Mashariki na dunia zilifika mwaka 2009, miaka mitano baada ya jioni ile ya Busan. Vijana wengi wa hapa wameanzia kwenye simu za mkononi na kwenye kandanda ya video, na michezo ya mikakati bado ina wachezaji wachache. Anayecheza dhidi ya mpinzani wa Ulaya hukabiliwa na umbali: amri yake huchelewa sehemu ya sekunde kufika kwenye mitambo iliyo mbali, na katika mchezo wa amri tano kwa sekunde, ucheleweshaji huo ni sawa na kukimbia umefungwa mguu.

Lakini mashindano ya michezo ya video ya kila aina yanaongezeka katika miji ya eneo hili, na matangazo yake hubeba tarakimu mbili zile zile: watazamaji na zawadi. Kijana anayefikiria kuacha masomo kwa ajili ya tarakimu hizo, na mzazi anayetafuta la kumwambia, wanaweza kujifunza kutoka kwa vijana wa Korea. Waliocheza mbele ya watu 100,000 hawakulishwa na umati huo. Walilishwa na mshahara, na mshahara ulipokoma wengi walirudi nyumbani. Waliobaki hadi leo, kama Flash, ni wale waliojenga uhusiano na watu wachache walio tayari kutoa kidogo kila siku.

Katika ufukwe wa Gwangalli mashabiki walikusanyika tena Julai mwaka 2017, kushuhudia wakongwe wakicheza StarCraft iliyofanyiwa ukarabati. Vijana wa mwaka 2004 walikuwa watu wazima sasa, na baadhi yao walirudi ufukweni kutazama mchezo ule ule waliouacha wakiwa wanafunzi.